Siku Watani wa Tabora Walipokuja Kucheza Kombe

Juzi nilikuwa kituoni Picha ya Ndege nikisubiri basi la kurudi nyumbani, akaja kijana mmoja mwenye begi la mpira akaketi karibu yangu. Alikuwa ametoka mazoezini, na miguu yake ilinuka mafuta ya karafuu. Watu wawili watatu walijisogeza pembeni, maana harufu ile ikichanganyika na jasho si ya kila mtu. Mimi nilibaki pale pale. Basi likaja, nikaliacha likaenda, nikajifanya natafuta simu kwenye mkoba, kumbe nataka kuivuta harufu ile kidogo zaidi. Kijana wa watu sijui alinionaje.

Rika langu mtanielewa. Kuna watu ambao utoto wao unanuka maziwa au udongo wa mvua. Wangu unanuka karafuu, kwa sababu nililelewa nyumba moja na golikipa.

Siku hizi kombe la mtoano linaonyeshwa kwenye runinga, na likikaribia fainali wanaume wa mtaani kwangu hapa Kibaha wanabishana mpaka chai inapoa. Wengine wanaapa kwamba ni kombe la juzi juzi. Nawaacha waape. Kombe lile lilikuwepo sisi tukiwa watoto, na kabla yetu pia, likafa, likafufuliwa, likasahaulika, likarudi tena na jina jipya na mdhamini mpya. Wakati wetu halikuwa na mbwembwe. Timu ndogo ya wilayani iliweza kuingia, na ikishinda ikashinda tena, ikajikuta inacheza na watu waliotoka upande wa pili wa nchi, ambao bila kombe wasingekuja kwetu hata kwa kupotea njia.

Baba yangu mdogo, Elia, ndiye aliyekuwa golikipa wa timu yetu ya Kisarawe. Watu waliiita Fenesi, kwa sababu jezi zake za kijani zilifuliwa na kuanikwa juani mpaka zikawa na rangi ya ganda la fenesi bivu, na wachezaji wenyewe wakalikubali jina. Nilipomuuliza kombe lina tofauti gani na ligi, alinijibu huku anajichua magoti kwa yale mafuta yake.

"Ligi ni ndoa, mwanangu. Leo mmegombana, kesho mmepatana. Kombe ni posa. Ukikataliwa mara moja, unachukua kofia yako unakwenda zako."

Sikuelewa posa ni nini, lakini nilielewa kwenda zako.

Kuhusu watu kwenda zao nilikuwa na ujuzi wa kutosha. Baba na Mama walikuwa wamehamia Kibaha kikazi, Baba karani katika ofisi za serikali, Mama mwalimu. Walipanga chumba kimoja huko huko, mtaa wa Maili Moja, na mimi nikabaki Kisarawe kwa Bibi mpaka mambo yakae sawa. Mambo yenyewe sikuambiwa ni yapi. Walisubiri nilale mchana, wakaondoka, ndivyo wazazi wa wakati ule walivyofanya ili mtoto asilie. Niliamka nikakuta sanduku la Mama halipo. Tangu siku hiyo niliuchukia usingizi wa mchana, na nikawa namfuata Bibi kila aendako, mpaka akaanza kuniita mkia.

Bibi alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, Mlutheri, sauti nene ya kwaya ya akina mama, na goti moja bovu lililomfanya atembee kwa mwendo wa kuyumba kidogo. Kila mgeni wa usharika alipikiwa na yeye. Nilimpenda mno. Alinipakata jioni tukimenya mihogo, akanilisha vipande vya nazi, akanitania kwa sababu mimi ni mke mwenzake, nakula mali ya marehemu mume wake. Nilikuwa na mama aliyekuja mwisho wa mwezi na zawadi, na nilikuwa na Bibi aliyekuwepo. Mtoto anajua tofauti hiyo hata kama hawezi kuisema.

Basi Fenesi ikashinda, ikashinda tena, na kila mtu akashangaa, wachezaji wakiwa wa kwanza. Kisha zikaja habari kwamba tumepangwa na timu ya Tabora. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko, mpira uliopigwa golini kwa juu ulifika wenyewe golini kwa chini, kwa hiyo waamuzi wa mambo wakasema mechi ichezwe Kibaha kwenye uwanja wa shule. Lakini wageni walale Kisarawe, kwa sababu ukumbi wa usharika ulikuwa wa bure na Bibi alikuwa tayari ameshaanza kuchagua kuku.

Walishuka treni Pugu, wakapandishwa kilima kwa lori la mchanga. Niliwaona wakishuka, vijana warefu wenye mabegi, wamechoka na safari. Mbele yao alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, meneja wao, Mzee Maganga. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya ukumbi tulikokuwa tunapikia, akafunua sufuria la Bibi, akatoa paja la kuku, akalitafuna amesimama.

Nilishika sketi ya Bibi kwa mikono miwili. Hakuna aliyewahi kugusa sufuria la Bibi, hata mchungaji.

"Chumvi haitoshi," Mzee Maganga akasema. "Wazaramo bwana. Mnakaa jirani na bahari, chumvi hamjui kuitumia."

Bibi akaweka mikono kiunoni. "Mnyamwezi! Nani kakutua mzigo? Rudi kabebe, tajiri wako anakutafuta!"

"Nimeutua mwenyewe. Nimekuja kuchukua changu." Akavuta kigoda cha Bibi, akakikalia, kisha akanyakua kanga ambayo Bibi alijitanda mabegani, akajifunga kichwani juu ya kofia. "Kesho tukiwafunga, wewe nakutia kwenye gunia, tunapanda treni. Nyumbani nina shamba la tumbaku halina mtu."

"Mtaweza kunifunga nyie mnaokula michembe, viazi vya kukausha?"

"Tukishinda je?"

"Mkishinda nichukue!" Bibi akasema, na akacheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho. "Nimechoka kukaa hapa hata hivyo. Ila kulima silimi."

Akina mama wote wakapiga vigelegele. Mzee Maganga akatoa dumu la asali kwenye mfuko, akaliweka miguuni pa Bibi bila kusema ni la nini, akaendelea kutukana bada yetu, ugali wa muhogo, kwamba kwao wanaitumia kuziba matundu ya mtumbwi. Bibi akamjibu kwamba kwao mtumbwi wameuonea wapi.

Ninyi mnaosoma mnacheka, maana mnajua. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, Wanyamwezi wakiwa wapagazi. Mtani anaweza kuingia nyumbani kwako akachukua jogoo, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Nikiwa mkubwa ndipo nilipoona hata jambo jingine la ajabu siku ile: timu ya ugenini haili chakula cha wenyeji. Inakuja na mpishi wake na maji yake, kwa hofu ya kuwekewa kitu. Wale vijana wa Tabora walikula mpaka wakakomba masufuria, kwa sababu mtani hamdhuru mtani. Lakini hayo yote nani alikuwa amenieleza mimi? Nilichoona ni mwanamume wa mbali aliyevaa kanga ya bibi yangu, anasema atamchukua, na bibi yangu anakubali.

Kilichoniuma zaidi ni kule kukubali.

Asubuhi ya mechi niliamka nikamkuta anafunga kikapu. Alitia kanga mbili, mkeka, sahani, chupa ya chai, na mfuko wa karanga. Nilisimama mlangoni.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Si mpirani, wewe mkia. Tunakwenda wote. Kaoge."

"Mkeka wa nini?"

"Wa kukalia. Kaoge, lori litatuacha."

Sikumwamini. Baba mdogo alikuwa uani anajipaka mafuta, nikamfuata huko.

"Baba mdogo, leo usifungwe."

"Nitajitahidi."

"Usijitahidi. Usifungwe."

Akaniangalia, akacheka, akanipaka tone la mafuta ya karafuu puani. "Kocha kasema," akajibu, akaenda zake.

Lori letu lilishika njia ya vumbi ya kutokea Kiluvya, wanaume wakiimba, Bibi amekaa mbele na dereva kwa sababu ya goti, nami kwenye mapaja yake. Nilikuwa nahesabu vitu vya kumsihi: nitachota maji bila kutumwa, nitaacha kulamba sukari, nitalala mchana. Hili la mwisho lilikuwa zito, nikaamua nilitunze mpaka hali iwe mbaya kabisa.

Uwanjani tulimkuta Mama. Baba alikuwa kazini, Mama alikuja peke yake, amevaa gauni la Jumapili na ameshika mfuko wa nailoni ambao hakutaka niuchungulie. Alinikumbatia, akaniuliza mbona nimekonda. Kisha yeye na Bibi wakakaa mkekani na kuzungumza kwa sauti ndogo. Nilidhani Bibi anamuaga.

Sitawadanganya kwamba nakumbuka mpira wenyewe. Nakumbuka mikorosho nyuma ya goli, vumbi jekundu, na kanga ya Bibi ikipepea kwenye mti karibu na benchi la Tabora kama bendera yao. Nakumbuka Fenesi ilifunga kwanza, na nilivyopiga kelele mpaka Mama akashtuka, hakujua kama mwanawe anapenda mpira kiasi kile. Kisha Tabora wakasawazisha. Ilipopulizwa mapumziko nilijua kwamba kumtegemea Baba mdogo peke yake haitoshi. Nikaondoka mkekani, nikazunguka uwanja nyuma ya watu, nikaenda kwa Mzee Maganga. Alikuwa anawakatia vijana wake machungwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Mzaramo mdogo. Bibi yako kakutuma uje kuomba radhi?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

"Haya, sema."

"Mkishinda, nichukueni mimi. Bibi goti linamuuma, hawezi kukaa kwenye treni."

Kisu kikasimama katikati ya chungwa. Nikaona hajasikia vizuri, nikajieleza zaidi. "Naosha vyombo. Natwanga kidogo. Kisamvu najua kuchambua. Tumbaku sijawahi, lakini nitajifunza."

Mchezaji mmoja akaanza kucheka, Mzee Maganga akamkata jicho, yule kijana akanyamaza. Kisha mzee akachutama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Nakumbuka kwamba alikuwa na macho ya maji maji na ndevu chache nyeupe, na kwamba sikumwogopa tena.

"Bibi yako anajua umekuja huku?"

"Hajui. Usimwambie mpaka mwisho, atakataa."

Alimalizia kukata. Kisha akanipa nusu ya chungwa lile.

"Nimesikia," akasema. "Rudi ukakae."

Kwangu mimi makubaliano yalikuwa yamekamilika. Nilirudi mkekani nikamlalia Bibi, nikala chungwa langu taratibu, na kipindi chote cha pili nilikuwa na amani ambayo siwezi kuieleza. Niliiangalia Kibaha kama mtu anayeiona mara ya mwisho. Nilimsikitikia Mama kidogo. Niliwaza nani atalisha kuku, nikaona Bibi ataweza, kuku hawahitaji goti.

Hakukuwa na bao jingine, na kwa kuwa kombe halina sare, wakaenda kwenye matuta ya penalti. Watu wote wakasimama. Baba mdogo alipangua moja, uwanja ukalipuka, wanaume wazima wakakumbatiana. Kisha mshambuliaji wetu mwenyewe, tegemeo la Fenesi, akapiga mpira wake juu ya goli mpaka ndani ya mikorosho. Aliyefuata wa Tabora hakukosea. Baba mdogo akabaki amelala pale alipoangukia, uso kwenye vumbi.

Mimi nikainuka. Nikavaa kandambili zangu, nikanyoosha gauni, nikasimama mbele ya Bibi.

"Bibi, kwaheri."

"Kwaheri ya wapi tena?"

Mzee Maganga alikuwa anakuja, kanga ya Bibi ameikunja vizuri mkononi. Bibi alipomwona akasahau swali lake, akafungua mdomo kwa utani. "Haya Mnyamwezi, gunia liko wapi? Mimi niko tayari!"

"Mtani," yule mzee akasema kwa upole, "leo nivumilie, sina utani." Akamrudishia kanga yake, akachutama mkekani, akamweleza neno kwa neno nilichomwambia: goti, treni, vyombo, kisamvu, tumbaku.

Nilimwona Bibi akipungua. Sijui niseme vinginevyo vipi. Mwanamke yule mwenye sauti ya kujaza kanisa alikaa tu, mikono mapajani, ananiangalia. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Ulidhani nakwenda kweli?" Bibi akauliza.

"Ulikubali," nikasema, na hapo ndipo nikaanza kulia, kwa uchungu wote wa tangu jana. "Alisema atakuchukua, ukakubali. Ulicheka."

Alinivuta kifuani kwake. Alinuka moshi na nazi. Akaniambia, "Mtani hachukui mtu, mke mwenzangu. Mtani anachukua kuku. Mimi niende wapi nikuache wewe?"

Juu ya kichwa changu nikamsikia Mama akisema polepole, "Basi, Mama. Mwache kwanza. Amalize darasa huko huko."

"Na shule umeshatafuta?"

"Nitawaambia. Mwache."

Nilielewa maneno yale kwa namna yangu: kwamba Mama amewasihi Watabora wanisubiri nimalize darasa ndipo wanichukue. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila nilipofaulu mtihani nilipata wasiwasi. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, siku moja tunachambua mchele hapa Kibaha, ndipo Mama aliponiambia kilichokuwa ndani ya ule mfuko wa nailoni. Ilikuwa sare yangu ya shule, mpya, ya Maili Moja. Mambo yalikuwa yamekaa sawa. Alikuwa amekuja kunichukua siku ile ile, na alikuwa ameshakubaliana na Bibi kwamba mpira ukiisha wasubiri nilale, kisha Bibi apande lori peke yake. Ndiyo maana Bibi alicheka sana na mtani wake siku wageni walipofika, Mama akasema. Alikuwa na kilio anakikimbia. Nilimuuliza Mama kama ilimuuma kuondoka na mfuko wake. Akasema iliuma, lakini mtoto aliyejitoa kwenda kulima tumbaku kwa ajili ya bibi yake, ungemng'oaje? Nilihamia Kibaha baadaye, taratibu, kwa kuagwa, mchana kweupe na macho yangu yakiwa wazi, na nimepapenda mpaka leo.

Lakini jioni ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba tumefungwa na Bibi yuko. Mzee Maganga alinibeba akanipandisha kwenye lori, akamwambia Bibi kwamba asali ile sasa ni ya mtoto, asiiguse. Bibi akamwambia aondoke na vijana wake kabla hajaandaliwa bada ya njiani. Mama akabaki anatupungia mkono, mfuko ameukumbatia.

Safari ya kurudi ilikuwa msiba. Hakuna aliyeimba. Yule mshambuliaji alikuwa amejifunika jezi kichwani, na kila mtu alikuwa akikumbuka penalti yake bila kuitaja. Bibi alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma pamoja na wote, na goti lake lile bovu, akatandika mkeka, akanipakata na kunifunga kwa ile kanga, na tulipoanza kupanda vilima vya Kisarawe akaanza kuimba, kwanza kwa mguno, kisha kwa sauti yake yote ya kwaya.

Baba mdogo Elia aliinua uso wenye vumbi. "Mama, jamani! Tumetolewa kwenye kombe, wewe unaimba?"

"Wewe lia, mwanangu, una haki," Bibi akamjibu, akinikaza zaidi. "Mimi narudi na mtu wangu."